Pombe ya mnazi inanishinda na nimeokoka, naombeni ushauri

Wapendwa hamjambo, mimi ni dereva wa tuktuk hapa Malindi, nimeokoka mwaka wa tatu sasa na kwaya naimba, lakini kuna jambo linanila ndani kwa ndani. Kila nikishusha abiria njia ya Ganda jioni lazima nipite pale mangweni wanakouza mnazi, najiambia leo napita tu, halafu nasikia wenzangu wanacheka na mara naona nishakaa na mboko (kibuyu cha kunywea) na mrija wangu, nikishtuka pesa ya tajiri mwenye tuktuk imepungua. Usiku nalia kabisa, natubu, wiki mbili niko sawa, ya tatu nimerudi. Hata nimeshaanza kuona aibu kutubu, ni kama namchezea Mungu.

Nikisoma Warumi 7 pale Paulo anasema lile jema analolipenda halitendi, bali baya asilolipenda ndilo analolitenda, naona ni mimi huyo. Halafu 1 Yohana 1:9 inasema tukiungama yeye ni mwaminifu atusamehe, sasa je, hata mara ya mia?

Mke wangu anajua (harufu ya mnazi haifichiki hata ule pilipili), ila pasta hajui. Nimwambie ama ataniondoa kwaya? Na kuna mtu aliyeacha kabisa, ulifanyaje ile saa ya jioni yenyewe? Msiniambie tu omba sana, kuomba naomba. Nimefikiria niache hiyo ruti ya Ganda lakini ndiyo inayonipa unga wa watoto.