Magoti yanayosagika: chakula gani kimekusaidia? Tupeane uzoefu

Mama Upawa
Wakuu habari. Asubuhi kituoni Mbagala nimemwona mama kashika mlango wa daladala, mguu haupandi, konda anamfokea "panda mama, tunachelewa!" Machozi yamenitoka. Mimi ndiye nilikuwa vile 2019, goti la kulia, kilo 94. Daktari aliniambia gegedu, ile tabaka laini inayokinga ncha za mifupa gotini, limelika na uzito unaongezea. Waliobadili sahani wakapata nafuu, tuambiane.

Kijukuu
Kupanda afadhali. Kushuka ndiyo balaa.

Fundi Cherehani
Mama Upawa umenitonesha. Mimi yangu ilikuwa msibani kijijini, Njombe. Choo cha shimo. Nikachuchumaa, kunyanyuka nikashindwa. Goti limekaza, nikishika ukuta udongo unabaki mkononi. Nje wanaimba mapambio, nikiita hawasikii. Nilikaa mle mpaka miguu ikafa ganzi. Wifi yangu ndiye aliyenifuata, akanikwapua makwapani kama mtoto. Nililia kuliko nilivyomlilia marehemu.

Niliporudi mjini mtaalamu wa mazoezi ya viungo akaniambia neno ambalo sijalisahau: ukipungua kilo 1, goti linapunguziwa mzigo wa kama kilo 4 kwa kila hatua. Nilikuwa nakunywa chai ya sukari vijiko vinne na maandazi manne, mchana ugali wa kilima, soda, usiku ugali tena. Nikaanza: ugali saizi ya ngumi, nusu ya sahani mchicha au kisamvu bila kumimina mafuta, maharage, soda marufuku. Na mazoezi ya kunyoosha mguu nikiwa nimekaa kwenye kiti. Miezi saba, kutoka 96 hadi 83. Nachuchumaa kwa kushikilia, lakini nanyanyuka mwenyewe.

Mzee wa Kisiju
Bamia jamani. Loweka usiku, kunywa maji yake asubuhi. Ute unarudi gotini.

Nesi wa Zamu
Shikamoo mzee wangu. Bamia ni mboga nzuri, ila ute wake unaishia tumboni, hauna njia ya kufika gotini.

Mzee wa Kisiju
Marahaba. Mimi natembea mpaka sokoni, wewe unaniambia njia haipo?

Kijukuu
Na supu ya kongoro je?

Nesi wa Zamu
Hadithi ileile. Na ukiona mafuta yameganda juu, yaengue.

Dada wa Feri
Mimi vibua na dagaa. Mafuta yake ya omega-3 yanasaidia kutuliza uvimbe. Mara tatu kwa wiki, vya kuchemsha na nyanya na tangawizi.

Baba Pacha
Dagaa?! Niliambiwa hivyohivyo, nikala kila siku, na maini Jumamosi, na bia zangu. Usiku mmoja goti likaumuka kama papai, jekundu, la moto. Shuka likigusa napiga kelele, watoto wakaamka. Hospitali wakavuta maji ya goti kwa sindano, wakakuta chembechembe za asidi ya yuriki, taka ya mwilini iliyoganda gotini. Kumbe langu si la kusagika, ni JONGO! Bia, maini, dagaa, vyote nimekatazwa.

Kijukuu
Mungu wangu. Nasikia jongo mara nyingi huanzia dole gumba la mguu, lako je?

Fundi Cherehani
Pole sana kaka. Sasa unakula nini?

Baba Pacha
Maharage, mayai, mtindi, maji mengi, na dawa ya daktari.

Dada wa Feri
Kwa hiyo mimi ndiye mwenye makosa?

Nesi wa Zamu
Huna kosa dada. Magoti yenu hayana ugonjwa mmoja, kwa hiyo pimeni kwanza. Na goti likivimba ghafla, likawa la moto, tena na homa, nenda siku hiyohiyo, linaweza kuwa na usaha. Na msinunue diklofenaki, ile dawa ya maumivu, mkaimeza miezi na miezi, nimewaona wanaotapika damu.

Mama Upawa
Fundi, andazi la asubuhi uliliacha vipi? Mimi hapo ndipo ninapoanguka.

Fundi Cherehani
Kiazi kitamu kimoja cha kuchemsha, mamangu, na chai ya tangawizi bila sukari. Wiki mbili za kwanza ni mateso.

Mzee wa Kisiju
Kesho naenda kupima uzito. Bamia siachi.