Mkoa wa Dodoma ugawanywe, Kondoa na Chemba wapewe mkoa wao?

Mchokozi wa Bahi: Wakuu habari za jioni. Serikali ilishahamia, Dodoma ni jiji tangu 2018, sensa ya 2022 mkoa mzima umevuka watu milioni 3, na mkuu wa mkoa kutwa anapokea wageni wa kitaifa. Si bora Kondoa na Chemba zikatwe ziwe mkoa, huku tubaki Jiji, Bahi, Chamwino, Kongwa na Mpwapwa? Katavi walipewa mkoa 2012 na watu wao laki tano na ushee.

Mla Alizeti: Mkoa mpya maana yake magari mapya ya V8, ofisi ya RAS (katibu tawala wa mkoa), nyumba ya RC (mkuu wa mkoa), semina za watumishi. Mkulima wa ufuta kule Chemba anaambulia nini hapo? Halafu mkianza kukata hamtaacha, kesho Manyoni nao watadai, wakati Manyoni yenyewe ni Dodoma tu, Wagogo wale.

Mtemi wa Itigi: Ulianza vizuri mkuu ukaja kuharibu mwishoni. Manyoni ni SINGIDA. Wagogo wapo ndiyo, hakuna anayekataa, ila Wanyaturu wapo, Wakimbu wapo, Wataturu wapo. Mkoa haugawanywi kwa kabila, kwa hesabu zako hizo Warangi wa Babati nao mtawahamisha warudi Kondoa?

Mla Alizeti: Povu la nini? Nimesema ukweli, mtu wa Manyoni akitaka mjini anaenda Dodoma, Singida anapita tu.

Mtemi wa Itigi: Umbali karibu sawa, fungua ramani kabla hujaandika. Mwenye haki ya kulalamika ni mtu wa Rungwa, kule unakaribia Chunya, akitaka kufika makao makuu ya mkoa wake anavuka pori lote lile. Huyo hujamtaja hata kidogo.

Mrangi Original: Babati waacheni na Manyara yao tangu 2002. Turudi Kondoa. Nyie hamjui tulikotoka, kabla ya lami ya Dodoma–Babati masika basi linanasa kwenye tope, konda anapiga kelele wanaume wote chini, mnasukuma mpaka viatu vinabaki humohumo, kina mama wameshika kuku wao pembeni wanawacheka. Saa hizi naamka asubuhi nashughulikia hati yangu Dodoma jioni nakula nyumbani.

Mla Alizeti: Basi umejijibu mwenyewe 😂 lami imeshakupa mkoa.

Mrangi Original: Sijajijibu chochote, usinilishe maneno.

Mwana Reli: Naona mnabishania kanda ya kati na Tabora mmeisahau. Reli ya Kati imepita wapi?

Mtemi wa Itigi: Imeanzia Dar ndugu yangu, na Dar nayo tuiite kanda ya kati? Jimbo la Kati la mkoloni ndilo lililozaa Dodoma na Singida mwaka 1963. Tabora ilikuwa Jimbo la Magharibi, makao makuu kabisa.

Mwana Reli: Mkoloni ndiyo rejea yako leo?

Mtemi wa Itigi: Reli yenyewe kajenga Mjerumani!

Bibi Zabibu: Wanangu mnapigana bure. Ibara ya 2 ya Katiba, mwenye kugawa mikoa ni Rais. Nyie wa chini mnapitisha kwenye vikao, madiwani, DCC (kamati ya ushauri ya wilaya), RCC (ile ya mkoa), kisha TAMISEMI (wizara ya tawala za mikoa), halafu mnasubiri. Mchokozi, hilo ombi lako limeshafika hata kwa diwani?

Mchokozi wa Bahi: Shikamoo bibi. Bado, ndiyo napima upepo. Hoja ya gharama naielewa, ila hata Jiji lenyewe linapumua vipi na watu laki saba na sitini na ushee huku mkoa huohuo ukihangaika na maji ya Mpwapwa? Makao makuu yakikaa Kondoa mjini majengo ya kuanzia si yapo.

Mtu wa Kwa Mtoro: Nilikuwa nasoma tu kimya. Kondoa mjini? Sisi Chemba tumetoka Kondoa 2012 tukashukuru Mungu, leo mturudishe kwa mlango wa nyuma? Makao makuu yaje Chemba au muache kama ilivyo.

Mrangi Original: Chemba kuna nini cha kuweka mkoa?

Mtu wa Kwa Mtoro: Rudia.

Mrangi Original: Nauliza tu, kuna nini?

Mla Alizeti: Mkoa haujazaliwa tayari unagombewa, ngoja nikachukue kahawa.