Naomba ushauri: "kwotabeki" tulitafsiri au tuliache?

Wakuu, naandaa maelezo ya futiboli ya Marekani kwa watazamaji wapya, majina yananitatiza. Mabeki waliitwa kwa umbali wao nyuma ya mstari ambapo timu mbili hukabiliana: kwotabeki robo, hafubeki nusu, fulbeki nyuma kabisa. Kanuni ya 1880, iliyosukumwa na Walter Camp, mmoja wa waasisi wa mchezo huo, ilimtaja kwotabeki kuwa ndiye anayeupokea mpira kwanza kutoka kwa senta, mchezaji wa katikati ya mstari anayeuanzisha mpira.

Shida ni fulbeki. Katika mpangilio wa I (kwotabeki, fulbeki na hafubeki wakijipanga mmoja nyuma ya mwingine) husimama mbele ya hafubeki, kwa hiyo "beki wa mwisho" inapotosha. Tena masikio yetu ya soka yatasikia beki wa pembeni, kumbe huyu yuko upande wa washambuliaji!

Niache matamshi na kufafanua mara moja, au niseme "mgawa mpira" kwa kwotabeki? Na taiti endi ("tight end"), anayesimama kwenye mstari ubavuni mwa mchezaji aitwaye "tackle", aitweje?