Uyoga tunaoula huku Pemba lakini haumo kitabuni: unaelezwaje hadi utambuliwe kuwa ni aina mpya?

Mwana wa Konde

Assalaam alaykum. Mimi ni mkaazi wa upande wa Konde, si mbali na msitu wa Ngezi. Tangu utoto wangu, masika yakishakolea, bibi hutuchukua kuokota uyoga unaoota kwenye vichaka vilivyo nje ya mpaka wa msitu. Kofia yake ni ya kahawia inayofifia kuelekea ukingoni, katikati ina kinundu kilichochongoka, na mguu wake ni mweupe na mrefu. Nyumbani huupika kwa tui la nazi, na siku hiyo hakuna anayeulizia samaki.

Nimeazima kitabu cha uyoga wa Tanzania, nikalinganisha picha moja baada ya nyingine, na sikuuona. Je, nikipiga picha nzuri kwa simu, zinatosha kutangaza kuwa ni aina mpya? Na jina hutolewa na nani? Nauliza hili la mwisho kwa uchungu kidogo, kwa sababu nachelea mtu atatoka mbali, auchukue, aupe jina alipendalo, na bibi yangu aliyetufundisha kuula asikumbukwe popote.

Mwalimu wa Mimea, Unguja

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Nimefurahi kwamba umeuliza kabla ya kutangaza. Kutoonekana kitabuni hakuthibitishi upya. Aina za kuvu, yaani uyoga na jamaa zake, zilizokwisha kuelezwa duniani ni takriban 150,000, na makadirio yaliyochapishwa mwaka 2017 yanasema zilizopo huenda ni kati ya milioni 2.2 na milioni 3.8, kwa hiyo kitabu cha kubeba mkononi hakiwezi kuwa na zaidi ya kionjo. Aina huitwa mpya pale inapolinganishwa na jamaa zake wa karibu waliokwisha kupewa majina, popote walipo, ikaonekana inatofautiana nao kwa namna isiyobadilika kutoka uyoga mmoja hadi mwingine.

Picha ni msaada mkubwa, lakini hazitoshi. Kanuni za kimataifa za majina ya mwani, kuvu na mimea zinataka pawepo kielelezo halisi kilichokaushwa na kuwekwa katika hifadhi ya mimea inayotambulika, mfano ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ili mtu yeyote atakayetilia shaka miaka hamsini ijayo aweze kukifungua na kukipima upya. Jina hufungamana na kielelezo hicho, wala si na picha.

Sasa, ukiukuta tena, usiukate juu ya ardhi. Chimba taratibu kwa kisu mpaka uone mguu unaishia wapi. Kama chini umevikwa kitu mfano wa mfuko au kikombe, simama hapo hapo na usiupeleke jikoni, kwa kuwa hiyo ni alama ya jamii ya Amanita, ambayo baadhi yake huua. Kisha kata kofia moja, uilaze kifudifudi juu ya karatasi ambayo nusu yake ni nyeupe na nusu nyeusi, uifunike kwa bakuli hadi asubuhi. Vijimbegu vitadondoka na kuacha vumbi lenye rangi, na rangi hiyo itatueleza mengi kuliko rangi ya kofia. Andika tarehe, mahali, miti iliyo karibu na harufu yake ungali mbichi, maana ukikauka hayo hayarudi.

Kuukausha kunataka uangalifu. Jamvi la karafuu halifai, kwa sababu jua la masika ni la kuvizia na uyoga huoza upesi. Tumia hewa ya vuguvugu inayopita, kama nyuzi 40 hivi, mpaka uvunjike ukiukunja. Na ukitaka kuingia ndani ya hifadhi yenyewe, omba kwanza kibali cha idara ya misitu.

Bi Mkubwa wa Wete

Wanangu, nimesoma kwa makini. Mimi nimeokota uyoga tangu sijaolewa, na sisi tulifundishwa kwamba uliotafunwa na wadudu au konokono ni salama. Lakini jirani yangu alipika uyoga mweupe wenye magamba ya kahawia, alioukuta uwanjani kwenye majani mafupi, nao ulikuwa umetafunwa vizuri tu. Alitapika usiku kucha. Je, alama ile tuiache?

Mwalimu wa Mimea, Unguja

Shikamoo Bi Mkubwa. Naam, tuiache, kwa sababu konokono hula hata Amanita zenye sumu bila kudhurika, na wala kijiko cha fedha au kitunguu thomu ndani ya sufuria havionyeshi lolote. Kwa maelezo yako, ninaushuku uyoga uitwao Chlorophyllum molybdites, unaopenda viwanja vya majani katika nchi za joto. Ungali mchanga, kurasa zilizo chini ya kofia yake ni nyeupe na humhadaa mtu. Vumbi lake, hata hivyo, ni la kijani, na hiyo ndiyo sababu nasisitiza karatasi na bakuli. Huo hutapisha ndani ya saa chache. Unaonitisha zaidi ni ule wenye sumu ya ini, kwa sababu mlaji hukaa saa sita au zaidi bila kuhisi kitu, huanza kuumwa, hupata nafuu ya uongo, na wakati huo ini linaharibika. Kuupika au kuukausha hakuiondoi sumu hiyo.

Ujuzi wenu wazee wa kutambua uyoga mmoja mahususi, mahali pake na msimu wake, ni wa thamani kubwa, na katika maelezo ya kisayansi unastahili kuandikwa kama ushahidi kwamba unalika. Hatari huanza pale tunapougeuza kuwa alama moja ya kupimia uyoga wote.

Mwana wa Konde

Nimerudi na habari. Nilichimba juzi baada ya mvua. Sikuona mfuko wala kikombe. Mguu uliendelea kushuka ukiwa mwembamba kama mzizi, zaidi ya urefu wa kiganja, ukaingia kwenye kichuguu cha mchwa kilichofukiwa na majani. Vumbi la karatasini ni la waridi iliyofifia, na upande mweusi limeonekana vizuri zaidi. Uyoga minne nimeukausha.

Mwalimu wa Mimea, Unguja

Umefanya kazi safi. Kinundu kilichochongoka, mzizi ulioshuka hadi kwa mchwa na vumbi la waridi, vyote vinaelekeza kwenye jenasi (kundi la aina zilizo jamaa) ya Termitomyces, yaani uyoga unaolimwa na mchwa wenyewe ndani ya kichuguu kwa ajili ya chakula chao. Jenasi hiyo ina aina ndogo yenye kofia ya sentimita mbili hivi, na ina Termitomyces titanicus, ambayo kofia yake hufikia karibu mita moja. Huyo mkubwa alielezwa kisayansi mwaka 1980 kutoka Zambia, ingawa wenyeji walikuwa wakimla tangu zamani. Kwa hiyo wako huenda ni aina yenye jina tayari, na huenda si hivyo. Kinachofuata ni kupima vijimbegu kwa hadubini, kwa mikromita, na kusoma kipande cha DNA kiitwacho ITS, ambacho tangu mwaka 2012 kimekubaliwa kuwa kitambulisho cha kawaida cha kuvu.

Ama kuhusu jina, usivunjike moyo. Tangu 2012 maelezo ya kuhalalisha jina yanaweza kuandikwa kwa Kilatini au Kiingereza, na tangu 2013 jina jipya la kuvu ni lazima lisajiliwe na kupewa namba. Kiswahili hakitoshi kuhalalisha, lakini hakuna kinachozuia maelezo ya Kiswahili kuchapishwa pamoja. Neno la pili la jina lenyewe laweza kutoka lugha yoyote. Mwaka 2014 watafiti wawili walinunua pakiti ya uyoga uliokaushwa dukani London, uliotoka China, wakakuta ndani yake aina tatu zisizo na jina. Mojawapo wakaiita Boletus shiyong, kwa neno la Kichina lenye maana ya kulika. Watu walikuwa wakiuuza na kuula huku sayansi haina habari nao.

Bi Mkubwa wa Wete

Basi mwanangu wa Konde, kabla hujaupeleka huo mkavu Unguja, kaa na bibi yako umwandike: yeye huuitaje, alifundishwa na nani, na ni upi unaofanana nao ambao yeye hauokoti. Hilo la mwisho muulize mara mbili.

Mwana wa Konde

Nimeshamuuliza, Bi Mkubwa. Amesema upo mmoja, na ameahidi kunionyesha mvua ikinyesha tena.