Corolla 110 otomatiki: ikipata moto haivuti mlima wa Bugando

Mkazi wa Igoma:
Wakuu, habari za jioni. Nina Corolla 110 ya otomatiki, ndiyo inayompeleka mama kliniki hospitali ya Bugando, hapa Mwanza. Asubuhi inatembea vizuri. Ikishapata moto, nikianza kupanda Bugando injini inanguruma, mshale wa RPM unapanda, gari haivuti. Nikiweka R (rivasi) inanyamaza kidogo halafu inashtuka kwa kishindo. Sasa taa ya O/D OFF (ya overdrive, gia ya juu) nayo inawaka na kuzima yenyewe. Fundi kasema giaboksi imekufa, ninunue ya mtumba. Hajafungua kitu, hata kijiti cha kupimia oil hakuchomoa! Gari hili sitaki kuliuza. Nianzie wapi?

Kijana wa Nyegezi:
Uza mkuu. Otomatiki ikianza kuteleza haina dawa, tafuta manyuali.

Fundi Kirumba:
Dawa ipo, na pesa ya giaboksi usiitoe kwanza. Nakasirika sana fundi anapohukumu giaboksi bila kupima oil. Tembeza gari ipate moto, simama sehemu tambarare, pitisha gia zote taratibu kuanzia P hadi L, rudi P. Injini ikiwa imewashwa, chomoa kijiti, futa, rudisha, pima tena. Oil iishie kwenye alama ya HOT. Dondoshea kwenye kitambaa cheupe, uiangalie na kuinusa.

Hiyo taa inayowakawaka ni gari linakwambia lina kosa la umeme kwenye giaboksi, kwa hiyo kodi (namba za makosa kwenye kompyuta ya gari) zisomwe kabla ya spana yoyote. Kodi 62 na 63 ni solenoidi, yaani vali ndogo za umeme za kubadili gia. Solenoidi inabadilishwa bila kushusha giaboksi nzima.

Mama Usagara:
Kama oil ina rangi ya maziwa, usiwashe tena. Yangu ilikuwa hivyo: rejeta, ambamo oil ya giaboksi hupozwa, imepasuka ndani, maji yakaingia kwenye giaboksi.

Mkazi wa Igoma:
Asanteni. Nimepima: iko chini kabisa ya alama, kahawia iliyokolea, inanuka kuungua. Maziwa hakuna. Kodi ni 62.

Fundi Kirumba:
Basi kwanza tafuta inakovujia, maana oil ya giaboksi hailiwi kama ya injini. Kisha washushe sampo (bakuli la oil chini ya giaboksi) mbele yako, ukiwa umesimama pale. Ndani kuna sumaku. Tope laini la kijivu ni la kawaida kwa gari la umri huo. Ukikuta vipande vya chuma vinavyong'aa, au mabaki meusi ya klachi (sahani za ndani zinazoshika gia) yamejaa, hapo ndipo tuongelee giaboksi nyingine. Vikiwa havipo, weka filta mpya, badilisha solenoidi, jaza oil ya aina iliyoandikwa kwenye kijiti au kwenye kitabu cha gari, siyo yoyote inayoitwa haidroliki dukani. Ukifungua sampo inatoka sehemu tu, nyingine inabaki kwenye konveta (kiungo kati ya injini na giaboksi), kwa hiyo baada ya muda rudia kubadilisha. Klachi zilizokwisha kuungua oil mpya haizifufui, nakwambia ukweli.

Hadi hapo Bugando mpeleke mama kwa bajaji. Kila ikiteleza, klachi zinaliwa.

Mkazi wa Igoma:
Sawa mkuu. Jumamosi asubuhi nakuja Kirumba, nitumie eneo inbox.