Tupeane uzoefu: mipira ya mafuta kwenye magari ya zamani, ya kwako uliibadilisha lini?

Mtoa mada

Wakuu habari za jioni. Nimeona tulete hili hapa maana wiki iliyopita nusura niungue mzima mzima. Nina Corolla AE100 ya mwaka 1994, gari naitunza kweli, oili nabadilisha kwa wakati, tairi mpya, watu wananisimamisha barabarani wananiuliza naiuza bei gani. Sasa kama wiki mbili hivi kila asubuhi nikifungua geti nasikia harufu ya petroli, nikajipa moyo labda jana nilijaza sana sheli. Wife akasema hii gari inanuka, nikamwambia gari za zamani zote zinanuka.

Juzi niko foleni Ubungo, jua la saa saba, bodaboda mmoja akagonga kioo, "braza chini kunadondoka". Nimezima, nimefungua boneti, harufu ikanipiga usoni mpaka macho yakatoa machozi. Kumbe ni kile kimpira cha ritani, kinachorudisha mafuta tangini, kifupi tu kama kiganja. Kwa juu ukikiangalia kizima kabisa. Nikakikunja kwa kidole, mipasuko ikafunguka kama kisigino chenye gaga, na petroli ikachuruzika mpaka kwenye kiwiko. Miaka thelathini kimekaa pale karibu na injini inayochemka, na hakuna fundi hata mmoja aliyewahi kunigusia habari zake, mimi mwenyewe ndo kabisaa.

Tuambizane wadau, ya kwako ilikukuta wapi na ulifanyaje?

Fundi wa Shimoni

Pole sana mkuu, hapo umesalimika kwa sababu ritani presha yake ndogo, inadondosha. Ingekuwa ule wa kupeleka ungekuta inapiga kama bomba la sindano, maana gari ya EFI, yaani ya nozeli zinazoongozwa na kompyuta, mafuta yanatembea kwenye presha ya psi 35 mpaka 50 huko. Kabureta ni psi 3 hadi 6 tu. Hapo ndo watu wanapojimaliza, anaenda dukani anasema "nipe mpira wa mafuta futi mbili" anapewa wowote, muuzaji hajaulizwa wa gari gani na yeye hajasema.

Angalieni maandishi ubavuni mwa mpira. Ukiona SAE 30R6 au R7 huo wa kabureta na ritani. EFI tafuta 30R9. Mpira usio na maandishi yoyote mimi siufungi, mteja akinuna anune. Nilishaletewa Mark II ya mtu alifungiwa ule mpira mweupe unaoona ndani kama wa maji ya samaki, kwa sababu eti "anaona mafuta yakipita". Haukumaliza hata miezi miwili, ukakakamaa kama plastiki ya ndoo, ukachomoka wenyewe gari inatembea. Bahati alizimikia kwenye tuta maana mafuta hayakufika tena injini, akabaki anapiga stata huku yanamwagika chini!! Akasikia mtu anamfokea kwa mbali zima wewe zimaa.

Na klipu jamani. Zile za kukaza kwa bisibisi zenye matundu matundu kwenye mkanda zinaukata mpira ukikaza kwa hasira. Tumia zile ambazo mkanda wake ni laini na kingo zimekunjwa. Kabla hujafungua chochote kwenye EFI chomoa fyuzi au relei ya pampu ya mafuta, washa gari iachie izime yenyewe, piga stata mara moja mbili presha iishe, halafu toa waya wa negativu kwenye betri. Na gari ipoe kwanza, na yule kijana wa kuvuta sigara akae mbali.

Jirani wa Nakuru

Huku kwetu story yangu ni ya Peugeot 504 ya marehemu babangu, ile ya kabureta, mimi ndio nimeachiwa. Hiyo gari ina hose zimevalishwa kitambaa kwa nje, zinakaa poa sana, za kishua. Gari ikaanza kukosa nguvu nikipanda mlima, nikikanyaga inajikwaa, nikiachilia inarudi. Tulisafisha kabureta, wiki moja iko sawa, inarudia. Mara ya tatu nikamwambia mekanika leo siondoki hapa mpaka nione. Akamwaga bakuli la kabureta kwa kitambaa cheupe, ndio tukaona vitu vyeusi vidogo kama majani ya chai. Akachukua kisu akapasua ile hose kwa urefu. Ndani mpira umeoza wote, ukiugusa kwa kidole unatoka kama masizi, na nje kitambaa bado kinang'aa. Yaani ilikuwa inajila yenyewe ikipeleka makombo kwa jeti, vile vitundu vya kabureta vya kupitisha mafuta. Tangu hiyo siku hose ya kitambaa mimi siamini macho, nakunja, nafinya, nanusa. Nilibadilisha zote kuanzia tangi mpaka kwa pampu na filta juu yake.

Mzamiaji

Mimi niko Birmingham nina Land Rover Series III nacheza nayo wikendi. Huku kuanzia Septemba 2021 petroli ya kawaida ikawa E10, yaani asilimia mpaka 10 ni ethanoli, aina ya pombe. Ile ethanoli na mipira ya zamani haipatani kabisa, kuna inayolainika, kuna inayokauka ikapasuka. Mimi nilipuuza, nikaweka E10 miezi kadhaa maana ndo rahisi, mpira wa karibu na kabureta ukawa laini kama bazoka iliyotafunwa. Sasa hivi naweka super ambayo bado ni E5, inauma mfukoni lakini gari yenyewe natembelea mara mbili kwa mwezi. Na mipira nimeweka R9 kote hata kama gari ni kabureta, ule ndani una utando unaovumilia zaidi. Nawaambia wenye ndugu huku wanaotaka kuwaletea gari za kizamani, uliza mipira kwanza kabla ya rangi.

Baridi ya Mbeya

Nyie wa petroli angalau mnasikia harufu. Sisi wa dizeli unaweza usione tone hata moja chini na mpira umekufa. Nina Hilux ya injini ya 3L, asubuhi ilikuwa inapigwa stata mpaka betri inalia, ikishawaka siku nzima haina neno. Nikaambiwa glow plagi, zile za kupasha moto dizeli wakati wa kuwasha, nikabadilisha zote nne. Nikaambiwa pampu ipelekwe ikapimwe, hapo nikaogopa bei nikakaa nayo hivyo hivyo mwezi mzima nikiipaki kwenye mteremko.

Mzee mmoja dereva mstaafu wa malori akaniambia kijana hebu pampu kwa mkono pale juu ya filta usiku kabla hujalala, na asubuhi pampu tena uone. Usiku ikawa ngumu, asubuhi ikawa laini inabonyea tu. Shikamoo mzee! Mafuta yalikuwa yanarudi tangini usiku kwa sababu mpira kutoka tangini unavuta hewa, upande ule pampu inanyonya kwa hiyo hewa inaingia badala ya mafuta kutoka. Tukaunga kipande cha mpira wa kioo kwa muda mfupi tu (fundi hapo juu usinipige, ilikuwa ya kupimia) tukaona mapovu yanapita kama soda. Mpira mpya na klipu mbili, kwisha habari. Glow plagi zangu nne nilizotoa bado ninazo, nzima kabisa, anayehitaji aje.

Kausha Damu

Mnakuza mambo. Gari za Mjapani hizo mipira inadumu milele, badilisha iliyovuja endelea na maisha.

Fundi wa Shimoni

@Kausha Damu mipira yote imezaliwa siku moja kiwandani, mmoja ukifa wengine wako foleni. Usisahau wa shingo ya tangi, ule mnene unaopitisha mafuta ukijaza. Ukisikia harufu pale tu unapojaza fuli na nusu tangi hakuna, anza na huo. Na kama unafungua ile bolti yenye tundu juu ya filta, zile pete zake za shaba (washa) weka mpya, za zamani zitakuvujia hata ukaze mpaka ulie.

Bi Noah

Naomba niongeze moja fupi. Noah yangu ilikuwa inazima ikipata moto, hasa mafuta yakiwa chini ya robo. Pampu ilikuwa imebadilishwa miezi mitatu nyuma. Kufungua tangi, kumbe fundi yule aliunga pampu na kipande cha mpira wa kawaida, na kile kinakaa NDANI ya mafuta kinalowa nje na ndani. Kimevimba kama andazi, upande mmoja umeachia. Nikaambiwa wa ndani ya tangi ni mwingine kabisa, 30R10, ni ghali na lazima uulizie. Tukaupata kule mtaa wa Gerezani, Dar, baada ya kuzunguka nusu siku.

Mtoa mada swali, ule mfupi wa ritani uko upande gani hasa? Nina Corolla ya mdogo wangu hapa uani, ni kama hiyo yako.

Mtoa mada

Dada fuata reli ya nozeli mwisho wake, kuna kiregyuleta cha presha ya mafuta, cha duara cha chuma, mpira unatokea hapo unaingia kwenye bomba la chuma. Injini iwe ya baridi, ukunje kidogo, halafu nusa kidole.

Bi Noah

Nimeshuka na tochi ya simu. Kidole kinanuka. Funguo nimemnyang'anya, kesho kazini anaenda na daladala.