Hivi "sikukuona" ya wenye magari ni kweli, au ni dharau tu kwa sisi wa pikipiki?

Mzee wa Klachi (mleta mada)
Wakuu habari zenu, naomba tujadili hili bila matusi maana limenikaa kooni muda mrefu. Mimi ni mtu wa pikipiki, ndiyo usafiri wangu wa kila siku. Niko barabara kubwa, taa inawaka, spidi ya kawaida tu, kuna gari imesimama inataka kuingia, dereva anageuza shingo upande wangu kabisa, macho yanakutana, halafu anatoka! Nakamata breki zote mbili, tairi la nyuma linaanza kucheza, Mungu tu ndo ananisimamisha, nikimfuata anashusha kioo ananiambia aisee sikukuona. Sasa hukunionaje wakati umeniangalia? Bado kwenye foleni kuna wanaosogeza gari makusudi ili usipite, na mwingine anafungua mlango bila hata kucheki nyuma. Nauliza kwa nia njema, wenye magari mliopo humu, ni kweli hamtuoni au mnajisemea hiyo pikipiki tu itajijua yenyewe?

Baba Watoto
Pole sana mkuu. Mimi ni wa gari na nakuapia mara nyingi ni kweli hatuoni. Ila na nyie mtusikilize. Nimewasha indiketa mapema, nimecheki kioo hakuna mtu, naanza kukata kona, pikipiki imetokea sijui wapi imeshachomekea upande uleule ninaoingia mimi, inagonga saiti mira inaikunja inaondoka, hata mkono wa samahani hakuna. Hiyo ikishakutokea mara kadhaa, kila pikipiki unayoiona unaiona mkorofi, hata ya mtu mstaarabu kama mleta mada. Hasira zinaanzia hapo.

Vyote Viwili
Natumia gari na pikipiki, ngoja niseme. Mleta mada, yule aliyegeuza shingo hakuwa anakudanganya. Kwanza kuna ile nguzo ya pembeni mwa kioo cha mbele, gari kwa upana wake mara nyingi inafichika vipande tu, pikipiki inafichika yote, na mbaya zaidi wewe ukisogea na yeye akisogea mnaweza mkaenda sawasawa ukabaki nyuma ya nguzo mpaka mmeshafikiana. Pili, macho yakiruka haraka toka kushoto kwenda kulia, katikati pale ubongo haupokei picha. Tatu, kitu chembamba kinaonekana kiko mbali na kinakuja taratibu kuliko ilivyo kweli, kwa hiyo hata akikuona anajiambia nafasi ipo. Na kwa km 60 kwa saa sekunde moja tu umeshakula karibu mita 17.

Hili halijaanza leo. Mwaka 1981 Marekani ilitoka ripoti ya Harry Hurt na wenzake, walikuwa wanaenda wenyewe kwenye eneo la ajali, ajali 900 za pikipiki maeneo ya Los Angeles. Zile za pikipiki kugongana na chombo kingine, theluthi mbili aliyeingilia njia alikuwa yule wa chombo kingine, na sababu kubwa ni kutoiona pikipiki. Ila ripoti hiyohiyo ilisema asilimia 92 ya waendesha pikipiki waliopata ajali hawakuwahi kufundishwa rasmi, walijifunza wenyewe au kwa ndugu na marafiki. Kwa hiyo kila upande una lake.

Mimi nikikaribia njia ya kuingilia nikaona gari imesimama, natoa mkono kwenye mafuta, vidole juu ya breki, halafu nahama kidogo kushoto au kulia ndani ya njia yangu, huko kuhama ndo kunamshtua jicho. Na naangalia tairi lake la mbele, macho yake siyaamini. Nikiwa kwenye gari nasogeza kichwa mbele na nyuma niizungukie ile nguzo, na naangalia mara mbili.

Dada Usukani
Kwenye foleni hapo mnisikilize. Kupita katikati siyo ukorofi wenyewe, California wameruhusu kisheria tangu 2017, na watafiti wa chuo kikuu cha Berkeley walikuta hatari inakuwa ndogo kama magari hayazidi km 80 hivi kwa saa na pikipiki haiyazidi zaidi ya km 24 hivi kwa saa. Kinachotutoa roho sisi ni yule anayepita kama risasi wakati magari yamesimama, nikihama njia kidogo tu nimeua mtu, na picha hiyo nitaishi nayo mimi. Halafu wenzangu wa magari acheni kubana nyuma ya pikipiki! Ikipunguza mwendo kwa gia taa ya breki haiwaki, na shimo dogo ambalo wewe hulisikii yeye linamwangusha.

Mzee wa Klachi
Vyote Viwili nimekuelewa sana, hiyo ya nguzo sikuwahi kuifikiria kabisa, kumbe mtu anaweza kunigeukia asinione. Lakini wa kubana makusudi na wa mlango bado mnawakwepa.

Baba Watoto
Hatuwakwepi mkuu, anayebana makusudi hana utetezi wowote, yule amekuona na ameamua. Wa mlango ajizoeshe kufungua kwa mkono ulio mbali na mlango, mwili unageuka wenyewe anaona nyuma. Nyumbani kwangu hata watoto wanafungua hivyo.